Miguu Isiyofika Chini



Mwezi huu ninataka tuzungumze juu ya pikipiki. Sisi hapa Lubumbashi tukiongea tunasema "moto", lakini tukiandika ni heri tuandike pikipiki, kusudi mama aliye jikoni asisikie mtoto anasoma kwa sauti "moto imeanguka" akakimbia na ndoo ya maji.

Najua wengine mtasema: Pasta, hiyo ni habari ya garaji, wewe utuambie mambo ya nyumba. Lakini tazama nyumba za siku hizi. Kutoka Ruashi mpaka Katuba, kutoka Kipushi mpaka kambi za Likasi na Kolwezi, pikipiki moja inafanya kazi ya watu wanne. Asubuhi baba anaenda nayo kazini. Akirudi, mama anaenda nayo soko. Mchana mdogo wa baba anafanya nayo takisi, naye anaitwa manseba kama wenzake wote. Maana yake ni mjomba, na mjomba hawezi kukuacha njiani. Jumapili inabeba ngoma za kwaya. Hawa watu wanne hawana miguu ya urefu mmoja. Kule India au China walipotengeneza kile kiti hawakuuliza mama ana urefu gani.

Mimi ni mtu mfupi. Nina meta 1 na sentimeta 57 nikivaa soksi. Vijana wa kanisa wananiita Zakayo, wakifikiri sisikii. Nalisikia lile jina, wala halinichukizi. Lakini ilikuwa siku ambayo ufupi wangu ulimwumiza mtoto, na ile siku ndiyo inayonifanya niandike.

Nilikuwa nimepewa pikipiki ya kazi, moja ya zile ndefu zilizotengenezwa kwa njia za pori, mpira wake una vipele, na kiti chake kilifika juu ya kiuno changu. Nikiikalia, vidole vya mguu vinagusa udongo kama mtu anayejaribu maji ya mto. Nilijisemea: nitazoea. Jioni moja nilikuwa nimembeba binti yangu, wakati ule ana miaka tisa, tunarudi kwa barabara ya Kasenga. Mbele yetu lori likasimama ghafula. Nami nikasimama, nikashusha mguu wa kuume. Mguu haukukuta kitu. Tukalala chini upande wa kuume, pole pole, kama mti uliokatwa, na bomba la moshi likakaa juu ya mguu wa mtoto.

Alilia. Watu wakatuinua. Mama mmoja muuza maji akamimina mifuko yake yote ya maji juu ya lile jeraha, na alifanya vema kuliko mimi niliyekuwa natafuta dawa ya meno. Lishike hili hata kama utasahau mengine yote: mguu ukiunguzwa na bomba, ni maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala yai. Kisha nenda kituo cha afya.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza ni nini. Nikasema mbwa alikatiza barabara. Mtoto alinitazama, akanyamaza.

Unaona mahali haya inapotufikisha. Mtu akiwa mfupi anaona aibu kusema "miguu yangu haifiki". Ni heri kwake kusema mbwa, au mchanga, au freni. Nawe mama unayejifunza, watu wamekucheka mara moja mbele ya duka, ukashuka, ukasema pikipiki si ya wanawake. Nawe kijana mfupi unayemlipa mwenye pikipiki versement ya kila siku, unaogopa kumwambia kwamba ni ndefu, atampa mwingine. Basi kila mmoja anaendesha akitetemeka, na nyuma yake amebeba mtu asiyejua habari hiyo.

Yule niliyemwendea kwanza alikuwa kijana wa garaji ya uchochoroni, naye hakufikiri hata dakika mbili. "Pasta, haina neno. Tunakata resori, itashuka." Akakata mizunguko miwili ya kila resori ya nyuma, akarudisha amortisa mahali pake. Kweli ikashuka. Nilifurahi juma moja. Nyuma ya hapo nikambeba mke wangu na mfuko wa unga. Tulipopita juu ya dodani, nyuma ikagonga chuma kwa chuma mpaka meno yakagongana, na mpira ukakwaruza chini ya madigadi. Tukirudi, kwenye shimo, nikasikia resori inacheza ndani kama sarafu ndani ya kopo.

Nieleze kwa nini, kwa sababu kazi hii inafanyika kila siku katika mji wetu. Resori ina mizunguko, na kila mzunguko unabeba sehemu yake ya uzito. Ukipunguza mizunguko, iliyobaki inakuwa migumu zaidi, si milaini. Kwa hiyo unapata kitu kifupi na kigumu pamoja: nafasi ya kushuka imepungua, na mgongo wako unapokea kila jiwe. Tena ile ncha ya resori ambayo kiwanda kiliisawazisha ili ikae vizuri kwenye kikalio chake, umeitupa. Gurudumu likining'inia juu ya shimo, resori inalegea, inazunguka, siku moja inakaa upande. Mtu akikuambia kukata resori, mwambie aksanti, chukua pikipiki yako uende.

Aliyenisaidia ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika atelie ya kampani, akastaafu, akafungua kibanda cha kutengeneza pikipiki nyuma ya nyumba yake. Hakushika ufunguo. Aliniambia nivue viatu, nisimame mgongo ukutani, akaniwekea kitabu katikati ya miguu, akakisukuma juu mpaka kikakaza, akapima kutoka chini mpaka mgongo wa kitabu. Sentimeta 72. "Pasta, mutu hana mufupi wala mulefu. Mutu iko na 72. Sasa tupime moto."

Fanya hivyo nawe, kabla ya kununua au kabla ya kukata chochote. Pikipiki za mji tunazoziona sana hapa, kama TVS na Boxer, kiti chake kiko karibu sentimeta 80. Zile ndefu za pori zinaanza kwenye 82 hivi, na nyingine zinapita 85. Lakini usitishwe na hesabu ya 72 na 80. Ukikaa, uzito wako unashusha amortisa sentimeta chache. Viatu vina soli. Wala hauhitaji nyayo mbili zilale chini zote. Unahitaji mguu mmoja ukanyage imara, nusu ya mbele ya unyayo. Basi mara nyingi kinachokosekana ni sentimeta 3 au 4 tu. Hizo tunaweza kuzitafuta bila kuharibu kitu.

Yule mzee alianza na kitu kisicholipiwa feza: kusimama. Nilidhani najua kusimama. Aliniuliza, "Unashusha mguu gani?" Nikasema wowote. Akatikisa kichwa.

Mguu wa kushusha ni wa kushoto. Freni ya nyuma iko kwenye mguu wa kuume. Ukiushusha huo, umeachia freni. Hiyo ni sababu ya kwanza, wengi wanaijua. Ya pili sikuijua mpaka alipochora barabara kwa kijiti katika vumbi. Barabara haikulala sawa kama meza. Ina mgongo katikati, na pande zake zinateremka ili maji ya mvua yaende kwenye mtaro. Kwetu Kongo tunapita upande wa kuume. Kwa hiyo ukisimama, udongo ulio kuume kwako uko chini, na udongo ulio kushoto uko juu. Ile jioni ya barabara ya Kasenga nilipeleka mguu mfupi kutafuta mahali palipo chini zaidi! Laiti ningeshusha wa kushoto, barabara yenyewe ingenipokea. (Wewe unayevuka Kasumbalesa kwenda Zambia, kumbuka kwamba huko wanapita kushoto, na mteremko unageuka. Mguu ni uleule wa kushoto, lakini utaenda mbali zaidi.)

Tena usishushe mguu huku makalio yamekaa katikati ya kiti. Pikipiki ikikaribia kusimama, sogeza nyonga upande wa kushoto mpaka nusu ya tako itoke nje. Mguu unapata sentimeta nyingi kwa njia hii, kuliko fundi yeyote atakazokupa. Mguu wa kuume unabaki juu, umekanyaga freni. Vitesi nazo, rudisha kabla ya kusimama, kwa sababu mguu wa kuzibadilisha ni huohuo wa kushoto ambao sasa una kazi nyingine. Na macho yatafute mahali pa juu: ukingo wa barabara, jiwe lililozama, sehemu isiyochimbwa na malori. Mimi nilifanya zoezi hili uwanjani asubuhi mapema, wachezaji hawajafika, simama na uondoke, simama na uondoke, labda mara hamsini. Watoto walikuja kutazama Pasta anayesimama bila kwenda mahali. Waache watazame.

Nyuma ya hapo tukaenda kwenye kiti, na hapa nitakaa kidogo, maana kiti ndicho jibu la nyumba nyingi.

Kiti kimeshikwa na buloni mbili, au nne. Ndani yake kuna sahani ngumu, juu yake sponji, juu yake ngozi ya plastiki. Fundi anayeshona viti vya magari anaweza kukifanya kwa nusu siku. Lakini usimwachie akate anavyotaka, kaa naye. Kwanza mwambie apunguze pande, si juu. Kiti kipana kinatawanya mapaja, na paja lililotawanyika linakula urefu wa mguu. Ukikifanya chembamba pale mbele karibu na tangi, mguu unashuka moja kwa moja, na utashangaa kuona umepata sentimeta moja au mbili wakati urefu wa kiti haujaguswa. Ndipo apunguze juu, sentimeta 2 au 3, mahali pa mwendeshaji tu. Mahali pa mtu wa nyuma paachwe. Aache sponji ya kutosha: ukibonyeza kwa ngumi ukasikia sahani, amepita kipimo, na safari ya Likasi, kilometa 120 hivi, itakufundisha jambo hilo kabla ya kufika nusu ya njia. Asikate kwa mteremko wa kwenda mbele pia, utakuwa unateleza kwenye tangi kila ukifunga freni. Na mshono usikae pale unapokalia, maji ya mvua yataingia, na sponji iliyolowa utaikalia mpaka mwezi wa tano.

Uzuri mkubwa wa kiti ni kwamba kinarudi. Nunua kiti cha pili kilichotumika, ukate hicho, na kile cha kiwanda ukitundike ukutani. Baba mrefu anaweka chake, mama anaweka chake, ufunguo mmoja na dakika chache. Na wewe kijana wa versement, hapa ndipo jibu lako. Pikipiki si yako, huna ruhusa ya kugusa amortisa ya mtu. Lakini kiti unaweza kuwa nacho chako mwenyewe. Ukirudisha pikipiki, rudisha na kiti chake. Namjua mmoja anayetembea na kiti chake begani asubuhi, watu wanamcheka, na kila jioni anafikisha pesa yake.

Ikiwa bado haitoshi, ndipo tunaingia kwenye vyuma. Amortisa nyingi za nyuma zina pete yenye ngazi chini ya resori. Ukiizungusha mpaka ngazi iliyo laini, pikipiki inakaa chini kidogo unapopanda. Ni kidogo kweli, usitegemee mengi. Nayo ni kwa siku unapokwenda peke yako: ukibeba mtu, au mfuko wa makala, irudishe kwenye ngazi ngumu, sivyo itagonga.

Mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu imebanwa juu kwa buloni. Fundi anaweza kuilegeza na kuipandisha ndani ya vibanio vyake sentimeta 1, na pikipiki inashuka mbele kiasi hicho. Miguu yote miwili kipimo kimoja, kwa rula, si kwa jicho. Nyuma yaweza kuwekwa amortisa fupi zaidi zilizotengenezwa hivyo. Kwenye zile zenye amortisa moja ya katikati, mara nyingi kuna vipande vya chuma vinavyoiunganisha na mkono wa gurudumu. Vikibadilishwa na virefu zaidi, nyuma inashuka. Virefu, ndiyo. Wengi wanakosea hapo wakifikiri ni vifupi.

Lakini sikia: ukishusha nyuma peke yake sentimeta 3, kiti hakishuki 3, kwa kuwa mwendeshaji anakaa kati ya magurudumu mawili. Unapata pungufu, na mbele imebaki juu: gidoni inakuwa nzito kugeuka, na taa inaangaza miti na macho ya madereva. Ukishusha mbele peke yake, gidoni inakuwa nyepesi kupita kiasi, inatetemeka kwenye mwendo. Zishuke pamoja, na kidogo. Kisha tazama cheni, maana kukaza kwake kumebadilika. Tazama kama mpira haugusi madigadi wakati watu wawili wazito wamekaa. Tazama waya na bomba la freni kama havivutwi. Na ukumbuke mvua: njia zetu za vitongoji, kuanzia mwezi wa kumi na moja, zinachimbwa na magurudumu mpaka zinakuwa mifereji. Kila sentimeta uliyoshusha, umeipeleka injini karibu na mawe.

Kitu kimoja ambacho mafundi wanakisahau daima ni bekiye, ule mguu wa chuma wa pembeni. Pikipiki ikishuka na bekiye ikabaki na urefu wake, haiegemei tena. Inasimama wima kama askari, na upepo ukipita inaangukia upande wa pili. Yangu, siku ya tatu baada ya kushushwa, niliiacha mbele ya kanisa. Iliangukia beseni la nyanya la mama mmoja wa kwaya. Nililipa nyanya. Kisha msudaji akakata bekiye, akatoa kipande kifupi katikati, akaiunga. Pima kwanza, kata kidogo, jaribu, ndipo uunge. Chuma kilichokatwa hakiongezeki. Na kama kuna bekiye ya katikati, jua itakuwa ngumu zaidi kuipandisha, kwa sababu sasa unainua pikipiki juu zaidi ya zamani.

Amortisa nilizokatiwa resori nilizitoa, nikaweka nyingine nzima. Feza ilitoka mara mbili. Mwisho kilichonifaa mimi ni kiti kilichopunguzwa sentimeta 3, miguu ya mbele iliyopandishwa 1, nyuma ikashuka kidogo kuifuata, na mguu wa kushoto.

Vijana, ninyi mnaopenda mashindano, mnamjua Dani Pedrosa wa Hispania. Urefu wake ni karibu na wangu, meta 1 na sentimeta 60 hivi. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2003 katika pikipiki za 125, na mwaka 2004 na 2005 katika zile za 250. Kisha akapanda daraja kubwa kabisa kutoka 2006 mpaka 2018, akashinda mbio 31 huko. Basi yule rafiki yako anayesema mfupi hawezi, mwambie atafute picha ya huyo mtu amekaa juu ya ile Honda kubwa.

Sasa neno kwa wazee wa kanisa, na sitalirefusha. Dada mmoja muuguzi wa kituo cha afya alikatazwa suruali, basi akaendesha na kikwembe. Mwendeshaji wa kikwembe hawezi kusogeza nyonga, hawezi kutawanya miguu, na nguo yenyewe inatafuta cheni na nyaya za gurudumu. Unamfunga mtu miguu kisha unamwambia simama imara? Avae suruali barabarani, akifika ajifunge kikwembe chake juu. Nimelisema hili katika baraza, wawili walinuna, mmoja wao alirudi baadaye kuniuliza mahali pa kushonea kiti cha mke wake.

Na jambo la nyumbani kabisa: pikipiki ikibadilishwa chochote, kila anayeipanda aambiwe. Baba, usimkabidhi mdogo wako pikipiki iliyoshushwa bila neno, akaenda kubeba watu watatu na kupita juu ya dodani kama zamani. Mama, kama pete ya amortisa umeiweka laini asubuhi, sema. Tulipoanza kufanya hivyo kwetu, niliandika kwa kalamu juu ya kipande cha karatasi, nikakibandika karibu na mlango mahali ufunguo unapotundikwa: nyuma laini, au nyuma ngumu. Mke wangu anasahau kukigeuza. Mimi pia.

Kuhusu yule mbwa, nilimwambia mke wangu ukweli baada ya miezi miwili, siku nilipoleta kiti kilichokatwa nyumbani, akauliza ni cha nini. Alicheka kwanza, halafu hakucheka. Alisema, "Na mutoto ulimuachia kubeba bongo yako." Sikuwa na jibu. Nilimwita binti, nikamwomba anisamehe, akasema ndiyo, akarudi kucheza. Alama ipo bado katika mguu wake, urefu wa kidole.

Sasa amekuwa msichana, amenipita kwa kichwa kizima. Miguu ameichukua kwa mama yake. Mwezi uliopita alianza kujifunza uwanjani, kwa pikipiki ileile. Baada ya mara tatu alilalamika kwamba magoti yanampanda mpaka tumboni. Akaingia chumba cha vitu, akashusha kiti cha kiwanda ukutani, akakipangusa vumbi, akaomba ufunguo. Alipokuwa anakaza buloni ya pili aliniuliza bila kuinua macho, "Papa, na ule imbwa alikuwaka wa rangi gani?"